Ukuta Nyuma ya Meza

3 Machi

Kaka yangu,

Ikiwa dereva wa lori la saruji hakuikalia barua hii njiani kama ile ya Januari, basi imekukuta ukiwa mzima na una mahali pakavu pa kuisomea. Sisi huku hatujambo. Magoti ya mama bado yanamsumbua, ila mdomo uko palepale. Juzi kamsema muuza maji kwamba yeye na baba yake wote wanapunja ndoo, kumbe baba mtu kasimama nyuma yake. Mwanao anakula, anakua, na viatu ulivyomtumia vimeshambana. Sasa ana jina jipya, wenzake wanamwita Sisimizi.

Jina lina kisa. Unakumbuka nilikwambia nimepewa muda wa saa mbili kila mchana, baada ya masomo, nikae na watoto kwenye kile chumba ulichotujengea nyuma ya shule. Basi tunatengeneza sinema. Usicheke kwanza. Tuna simu kuukuu tumeifunga kwenye kibao kwa selotepu, na udongo wa kuchezea wa rangi. Unafinyanga mtu, unampiga picha. Unamsogeza mkono kidogo, unatoa vidole vyako, unapiga nyingine. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja. Ukizipitisha harakaharaka, yule mtu wa udongo anatembea. Siku ya kwanza alipotembea, watoto waliomba turudie mara kumi, na mimi mtu mzima nikaomba ya kumi na moja.

Wanajifunza vitu ambavyo kwa miaka kumi na moja ya kufundisha kazi za mikono sikuwahi kuwafundisha. Wanajifunza kukaa bila kugusa, na kumngoja mwenzao amalize. Wanajifunza kukubali kosa, maana ukisahau mkono wako kwenye picha moja utaonekana, na watu watakujua kwa kucha zako. Mwanao ndiye mkubwa wao katika kazi hii, anasogeza kitu kwa unene wa uzi na hachoki, na ndiyo maana wakamwita Sisimizi. Sinema yake ni ya fundi mwashi anayejenga ukuta. Fundi mwenyewe kavaa kofia iliyochanika, kwa hiyo umeshamjua. Tofali moja ni kama punje ya mahindi, na kuliweka kunakula picha arobaini.

Ana swali, na ameniambia niliandike kama alivyolisema: "Baba, chini ya ukuta, kabla ya tofali la kwanza, huwa unaweka nini?" Anataka sinema ianzie huko. Anasema hataki kudanganya watu.

Jambo moja tu linatukera. Juu ya kioo cha simu tumebandika nailoni tukachora kwa kalamu pembe ya dirisha lililo nyuma ya meza, ili tujue kama simu imehama. Karibu kila tukirudi tunakuta dirisha haliko kwenye mstari wake. Chumba kina kufuli na ufunguo wa mchana ninao mimi. Nimewagombeza wee, wote wanakana, na wengine wameanza kusema kuna mzuka. Basi narekebisha mwenyewe, naisogeza simu mpaka dirisha likae kwenye mstari, tunaendelea.

Mvua zimeanza, tena za kweli. Jitunze huko.

Mdogo wako asiyeishiwa maneno


25 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika ikinuka vitunguu, dereva siku hizi anabeba kila kitu. Nashukuru mko wazima. Mwambie mama magoti asiyakande kwa maji ya moto sana, na muuza maji amwombe radhi, maana siku akigoma atakayebeba ndoo ni wewe.

Huku kazi ni ileile. Bwawa linapanda, tunamwaga zege siku sita kwa wiki, na mtandao wa simu haushiki hata ukipanda juu ya tangi. Msimamizi ananiamini, ameniweka niwaangalie mafundi wanane. Mpishi wa kambi nimemsomea habari za Sisimizi, amecheka mpaka ugali ukaungua, tukaula hivyohivyo. Mwambie mwanangu kofia ile ilichanwa na msumari, si uzembe wa baba yake.

Sinema ni jambo zuri. Mtoto akijua kutulia, hata kazi nyingine ataiweza.

Hizo mvua zikoje? Maji yanatuama nyuma ya chumba au yanapita? Na hiyo meza mmeiweka upande gani, ni kwenye kona ile ya mtaroni? Nauliza tu.

Viatu nitatuma mwezi ujao.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka,

Nakusalimu, na mama anakusalimu, ameombwa amwombe radhi muuza maji na amekataa. Mwanao aliisoma barua yako kwa sauti kama kawaida yake, bibi yake akisikiliza. Alipomaliza akaigeuza nyuma kutafuta jibu la swali lake. Nikamwambia baba ana mambo mengi, amesahau. Umesahau kweli?

Kaka, ngoja nikueleze kwa mpangilio.

Wiki mbili zilizopita tulikaa kuitazama sinema yote, picha kama mia tisa. Nilitegemea kumwona fundi anajenga. Nikaona fundi, matofali yake na meza yenyewe vinapanda juu polepole, kama vinaelea, na dirisha nyuma yao limetulia tuli. Watoto wakacheka, wakasema mzuka huo. Sisimizi hakucheka. Akaomba turudie, tukarudia, akaomba tena. Kisha akasema, "Shangazi, meza haipandi. Ukuta ndio unashuka, na sisi tumekuwa tunaufuata."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Ni mimi huyo. Siku zote zile nilizowagombeza watoto wa watu, ukuta ulikuwa umehama na mimi kwa mikono yangu nikiinamisha simu niufuate, ili uonekane umesimama. Mtoto wa miaka tisa ameona, mwalimu wake sikuona.

Siku hiyohiyo tukaigandisha simu mezani kwa gundi, nikapiga marufuku kuigusa. Kila siku ya shule tunapiga picha moja. Leo ni ya tisa, na pembe ya dirisha imeshuka chini ya mstari. Nikavuta kabati la vitabu lililo kwenye kona. Nyuma yake kuna ufa, unaanzia pembe ya dirisha unashuka kwa mshazari mpaka sakafuni. Kucha yangu inaingia. Mlango nao siku hizi unabana, nausukuma kwa bega.

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu. Akautazama ule ufa kwa miwani ya mbao, akaniambia kila nyumba ina nyufa. Akaniuliza aliyejenga si kaka yangu, na kama kungekuwa na tatizo si angesema.

Kaka, uliniuliza meza iko kona ipi. Iko kona hiyohiyo ya mtaroni. Chumba kina kona nne. Ulijuaje uniulize hiyo?

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Pole kwa wasiwasi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, na kidole nilikibana kwenye winchi, sasa hakijambo.

Usiwatie watu hofu. Lipu ikikauka hupasuka, na mvua ikinyesha sana udongo huvimba na kunywea, ukuta ukacheza kidogo. Zibeni ufa kwa saruji laini, mpake rangi. Kabati lirudisheni mahali pake, au hapana, liacheni mbali na kona ile, lisilemee.

Huyo Sisimizi macho yake makali, kayatoa kwa bibi yake. Ila watoto wanaona mengi na mengine ni ya kukuza tu.

Kama mnaendelea kukitumia chumba, yeye akae karibu na mlango, ni hivyo tu, hewa ni nzuri zaidi pale. Na mlango usiufunge kwa ndani.

Mama mpe salamu. Viatu anavyo dereva.

Kaka yako


10 Mei

Kaka,

Viatu vimefika, vinamtosha. Mama mzima. Barua yako sikumpa mwanao aisome, na ni mara ya kwanza tangu mama yake atutoke. Nimemwambia safari hii umetuma viatu bila barua. Nimekuwa mwongo kwa ajili yako.

Hewa, kaka? Mimi na wewe tumelala kitanda kimoja mpaka ukaota ndevu. Nakujua unavyoandika ukiwa huna la kuficha, unatia chumvi na kujisifu ukurasa mzima. Ukiwa nalo unaandika habari za kidole. Umesema binti yako akae karibu na mlango. Na wale wenzake?

Watoto wa sinema nimeshawatoa, tunafanya kazi kwenye ujia kwa simu yangu, ile ya gundi nimeiacha humo iutazame ukuta, upepo unatuangushia watu wa udongo lakini afadhali. Tatizo si sisi tena. Asubuhi chumba kile ni cha darasa la kwanza. Wako thelathini na sita, na wa safu ya nyuma wanaegemeza migongo kwenye ukuta wako. Nimemsihi mwalimu wao, naye ananionea huruma tu. Mwalimu mkuu amesema hafungi chumba kwa sababu ya sinema ya watoto. Anataka neno la mtu wa ujenzi. Aliyejenga akimwandikia kwamba si salama, ataita mkaguzi na kukifunga siku hiyohiyo. Bila hivyo, tarehe 21 Juni wazazi wote wanakuja kuonyeshwa kazi za watoto, na wataonyeshwa humo ndani, watu zaidi ya mia.

Naogopa sana. Nikisikia kiti kimeburutwa sakafuni darasani kwangu, nageuka kutazama kuta. Mvua ikianza nikiwa nafundisha, natoka nikasimame pale uani niutazame ule ukuta, kama vile nikiutazama hautashuka. Watoto wananichungulia dirishani.

Maneno yangu unaweza kuyapiga chenga, kwa hiyo nakutumia picha mbili. Nimezitoa studio. Ya kwanza ni ya siku tuliyogandisha simu, ya pili ni ya jana. Ziweke moja juu ya nyingine, kingo zilingane, halafu iinue ya juu na kuishusha kwa kidole, harakaharaka, kama Sisimizi alivyonifundisha. Usiangalie fundi wa udongo. Angalia nyuma ya meza.

Dada yako


4 Juni

Mdogo wangu,

Leo siulizi habari za magoti wala za nyumbani. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa peke yake, ya mwalimu mkuu. Mpelekee kabla hujamaliza kusoma hii. Nenda, kisha urudi.

Nilizipata picha zako tarehe 17 Mei. Nilikaa kitandani, nikafanya ulivyosema kwa kidole. Ukuta ukashuka. Nikainua, ukapanda. Nikashusha, ukashuka. Mpishi akaingia akaniuliza mbona jasho linanitoka na jua limezama, nikamwambia ni homa. Picha nikazitia kwenye godoro nikakaa nazo siku kumi na nane, na kila asubuhi ya siku hizo nilijua darasa la kwanza wanaingia saa ngapi. Hilo nalo ujue, sitaki uniandikie kwamba barua ilichelewa njiani.

Mwanangu aliuliza chini ya ukuta naweka nini. Kuta zangu zote naweka zege juu ya ardhi ngumu, baada ya kuchimba mpaka sululu iruke. Chumba kile kona tatu ziko hivyo. Ya nne, tulipochimba tulikuta shimo la zamani, la taka au la choo, sijui, lilikuwa limejaa udongo laini unaozama mguu. Kulifikia chini kulitaka siku nne au tano. Kamati ya wazazi walishatangaza siku ya kufungua, mawingu yalikuwa yamefunga, na kila aliyepita aliniuliza fundi bado tu. Nikalijaza kifusi, nikakishindilia mchana mmoja, nikamwaga zege jembamba juu yake nikafunika. Wasaidizi nilikuwa nimewapeleka kuchota mchanga. Hakuna aliyeona. Nililipua kazi, mdogo wangu, mimi ninayewatukana wenzangu kwa kulipua, na siku ya kufungua nikapigiwa makofi, mama akalia kwa furaha.

Kila mvua iliponyesha nilikuwa nakumbuka kona ile. Nilipopewa kazi hii ya mbali nilishukuru kwamba huku sitaiona. Halafu ukaniandikia watoto wanaipiga picha kila siku.

Nilikaa kimya kwa woga, sina jina lingine la kuuita. Niliogopa kufungwa. Niliogopa msimamizi wangu ajue, na mafundi wanane wanaonisikiliza. Zaidi ya yote nilimwogopa yule mtoto na kofia yake ya udongo. Niliona bora ukuta ukae mwaka mmoja zaidi, niende nikauimarishe kimyakimya, kuliko yeye ajue. Nilikuwa nabahatisha na watoto wa watu, na wangu nikamweka karibu na mlango.

Karatasi ya mwalimu mkuu ina kila kitu, mahali shimo lilipo na jina langu chini. Watoto watoke.

Kaka yako


19 Juni

Kaka,

Watoto wako salama. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua hutasoma mengine kabla yake.

Barua ilifika tarehe 13, mchana, watoto wakiwa wameshatoka. Niliikimbiza kwa mwalimu mkuu nikiwa na kiatu kimoja kimekatika. Aliisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa, akachukua kufuli lake mwenyewe akaenda kufunga. Tarehe 16 akaja mkaguzi. Akachimba kidogo nje ya kona, chini ya msingi, kisha akasukuma fimbo ya chuma kwenda ndani. Ikaingia, ikaingia, mkono wake ukafuata mpaka kwenye kiwiko, na haikugonga kitu. Maji ya mvua yalikuwa yameshakula kifusi chako, zege limebaki likining'inia. Alituambia sote turudi nyuma, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Kesho wanaubomoa. Wazazi wataonyeshwa kazi uani.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuja kunishika mikono. Mkaguzi atakuhitaji, na mwalimu mkuu amesema kama usingeandika yeye angeendelea kubisha. Kwa hilo nakushukuru. Siku zile kumi na nane siwezi kukushukuru, nimejaribu. Mama nimemwambia mwenyewe. Hajasema neno tangu jana, na unajua hiyo si kawaida yake.

Sasa la mwanao. Barua yako hii ya mwisho nilimficha, nikaiweka chini ya godoro la mama pamoja na ile ya Mei. Jana nimerudi sokoni nikamkuta kakaa sakafuni, amezipanga barua zako zote kwa tarehe, na hizo mbili zikiwamo, safu moja, kama anavyozipanga picha. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaangalia kati ya moja na nyingine ni nini kimesogea.

Akaweka kidole kwenye ile ya Machi, pale ulipouliza meza iko kona ipi. "Hapa baba alishajua." Akasogea kwenye ya Mei, kwenye mlango. "Na hapa alitaka mimi nitoke." Kisha akaniuliza wale wadogo wa safu ya nyuma baba alitaka watokee wapi.

Hakulia, kaka, na kutolia kwake kumenitisha kuliko ule ukuta. Aliziokota barua moja moja, akazifunga kwa uzi, akaziweka kwenye mfuko wake wa shule. Analala nazo. Ile sinema hajaifuta, ila yule fundi wa udongo amemweka ndani ya kikombe, kafunika.

Nilipokaa kuandika nimemwomba nikupe salamu zake. Amesema hana salamu, ana swali, na hataki lijibiwe kwa barua.

Lori lililokuletea barua hii linatoka huko Alhamisi. Dereva nimeshamwambia akuachie kiti cha mbele.

Dada yako